Kipimo cha Kokwa Chungu

Wachina wana namna yao ya kuutaja uganga bila kulitamka jina lake. Husema xinglin, maana yake "msitu wa aprikoti". Mgonjwa aliyepona, akitaka kumshukuru daktari wake, huweza kumpelekea kibao cha kutundika ukutani chenye maneno ya kwamba msitu wa aprikoti umepata joto la majira ya kuchipua. Mgeni akiyasoma atadhani ni salamu za mkulima. Kumbe nyuma ya maneno hayo ipo hadithi, na ndani ya tunda la msitu huo limo jambo ambalo limenisumbua kwa miaka kadhaa. Nataka kulieleza hapa ili msomaji alipime pamoja nami.

Aprikoti ni tunda dogo la mviringo, rangi yake ya manjano inayoelekea ya chungwa, nyama yake laini, na katikati lina kokwa gumu moja. Waarabu huliita mishmish, na wenzetu waliopata kuishi Maskati au Dubai huenda wanalijua zaidi kwa jina hilo. Ukilipasua kokwa lile kwa nyundo utakuta ndani kiini chenye sura ya lozi. Viini vya miti mingine ni vitamu na huliwa kama karanga; vya miti mingine ni vichungu. Hicho kichungu, ambacho Wachina hukiita ku xing ren, wamekitumia kwa karibu miaka elfu mbili kuwa dawa ya kikohozi na ya kubanwa kifua. Na hicho hicho kina sumu ya kuua mtu.

Basi swali langu si la kemia, ijapokuwa itabidi nipite katika kemia kidogo. Ni swali la maadili. Ikiwa kitu kimoja chaweza kutibu na chaweza kuua, ni nini hasa kinachomtenga mganga na muuaji, au mganga na tapeli? Je, nia njema yatosha? Je, ukongwe wa dawa watosha kuwa shahidi wake? Na mgonjwa aliyekata tamaa akisema, "Nipe, nitakunywa kwa hiari yangu," je, hiari yake inamwondolea lawama yule anayempa?

Nianze na hadithi. Iliandikwa na Ge Hong, mwanachuoni wa karne ya 4, katika kitabu cha habari za watu wasiokufa. Inamhusu mganga aliyeitwa Dong Feng, aliyekaa katika mlima wa Lushan, ambao leo umo katika jimbo la Jiangxi. Dong Feng hakulima, wala hakupokea fedha kwa wagonjwa wake. Aliyeponywa ugonjwa mzito aliagizwa apande miti mitano ya aprikoti. Aliyeponywa ugonjwa mwepesi alipanda mmoja. Miaka ikapita, mlima ukajaa miti zaidi ya laki moja. Matunda yalipoiva Dong Feng alijenga ghala humo msituni, akatangaza kwamba anayetaka matunda hana haja ya kuja kumwita. Alete chombo cha nafaka, aimimine ghalani, kisha ajichukulie matunda ya kujaa chombo kile kile. Nafaka hiyo aliwagawia maskini na wasafiri walioishiwa masurufu.

Walikuwapo, bila shaka, waliotaka kumpunja mzee. Mtu akimimina nafaka kidogo na kuchukua matunda mengi, chui milia walitokea wakinguruma na kumfukuza. Katika kukimbia kwake matunda yalimwagika njiani, na alipofika nyumbani akayapima yaliyobaki, alikuta ni sawasawa na nafaka aliyoiacha ghalani.

Sitaki kubishana na mtu yeyote kama mambo hayo yalitokea. Ninachokiona ni kwamba hadithi nzima inahusu kipimo. Uzito wa ugonjwa unapimwa, na malipo yanapimwa kwa uzito huo. Chombo cha nafaka ni kipimo cha chombo cha matunda. Hata wale chui hawamli mtu kwa tamaa yake. Wanamrudisha tu kwenye kiasi chake cha haki. Na malipo hayaishii mfukoni mwa mganga. Yanageuka kuwa miti, miti inazaa matunda, matunda yanageuka kuwa chakula cha mwenye njaa. Nadhani ndiyo sababu Wachina walichagua msitu huo kuwa jina la uganga, wakaacha majina ya waganga wengine walioponya watu wengi zaidi.

Sasa tuingie ndani ya kokwa. Katika kitabu cha Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, yapata mwaka 200, imo dawa ya kuchemsha iitwayo ma huang tang, ya mtu aliyeshikwa na baridi, homa na kubanwa pumzi. Ina vitu vinne tu: mmea wa ma huang, vijiti vya mdalasini, urukususu na viini vya aprikoti. Dawa hiyo ingali inajulikana kwa kila mwanafunzi wa tiba ya Kichina hadi leo. Lakini angalia jinsi kiini kinavyotayarishwa. Kwanza kinatumbukizwa katika maji yanayochemka, kisha ngozi yake inamenywa. Pengine hukaangwa baada ya hapo. Kitabu rasmi cha dawa cha serikali ya China kinakitaja kuwa ni kitu chenye sumu kidogo, na kinaweka kiasi cha gramu 5 hadi 10 kwa siku. Kuna kiasi, kuna namna, na kuna onyo. Sidai kwamba kila kilichoandikwa katika vitabu vya tiba vya Wachina kimethibitishwa na maabara. Nasema tu kwamba watu waliokitumia kiini hicho hawakukipenda kwa upofu. Walikiogopa huku wanakitumia.

Sababu ya kukiogopa ilikuja kufahamika Ulaya baadaye sana. Mwaka 1830 Wafaransa wawili, Robiquet na Boutron-Charlard, walitenga kutoka katika lozi chungu kitu kinachoitwa amigdalini, ambacho ndicho kilichomo pia katika kiini cha aprikoti. Mwaka 1837 Wajerumani Liebig na Wöhler wakaonyesha linalotokea: ndani ya kiini hicho hicho kimo kimeng'enya, na viwili hivyo vikikutana katika majimaji, kama mtu anapotafuna, amigdalini huvunjika na kutoa sukari, harufu ya lozi, na sianidi. Sianidi huzuia mwili usiitumie hewa iliyokwisha kuvutwa, hivyo mtu hukosa pumzi ilhali mapafu yake yamejaa. Yale maji yanayochemka ya waganga wa Kichina hukiua kile kimeng'enya, na kwa hiyo sumu haitoki yote kwa mkupuo. Hawakujua neno kimeng'enya, lakini walijua kwamba hiki hakiliwi kibichi. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Ulaya linalosimamia usalama wa chakula lilitoa hesabu yake: mtu mzima akila viini vibichi vidogo zaidi ya vitatu kwa mara moja anaweza kuvuka mpaka wa usalama, na kwa mtoto mdogo hata kimoja chaweza kuzidi.

Msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Sumu hiyo hiyo tunayo mashambani. Imo katika muhogo mchungu, na mama zetu waliishinda kwa njia iliyo kinyume cha ile ya Wachina. Mchina hukiua kimeng'enya kwa maji ya moto ili sumu isitoke kwa mkupuo. Sisi tunauloweka muhogo, au kuutwanga, ili kimeng'enya kifanye kazi yake yote nje ya tumbo na sumu iruke hewani, ndipo tunauanika juani na kusaga unga. Njia mbili, adui mmoja. Na pale njia hiyo inapokatizwa, kwa sababu ya ukame, njaa au vita, watu hulipa. Katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mama au mtoto, huamka siku moja miguu imekakamaa, na haitakuwa tena kama zamani. Katika miaka ya 1980 ugonjwa huo ulionekana Tarime, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana Mtwara. Muhogo ulikuwa ule ule waliokula babu zao. Kilichopungua zilikuwa siku za kuloweka na kuanika, pamoja na kitoweo cha kuusaidia mwili kuizimua ile sumu.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: ukongwe wa dawa peke yake si shahidi wa kutosha. Kilicho kikongwe na chenye thamani si kokwa bali ni kipimo kilichofuatana nalo. Anayelichukua kokwa akakiacha kipimo, huyo hakurithi kitu kwa wazee; ameokota mali yao njiani. Na hata wazee wenyewe walikosea mara nyingine. Mimea ya jamii ya Aristolochia ilitumiwa katika tiba ya Kichina kwa karne nyingi. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji wakaeleza habari za wanawake walioharibika figo baada ya kunywa vidonge vya kupunguza unene vilivyotiwa mmea wa jamii hiyo. Kumbe madhara yake huja polepole mno, hata jicho la mganga mmoja haliwezi kuyaona. Heshima kwa wazee haituzuii kuhesabu upya.

Sasa nieleze jinsi kokwa hilo lilivyopotezewa kipimo. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, Ernst Krebs na mwanawe wa jina hilo hilo walianza kuitangaza dawa ya saratani iliyotokana na amigdalini, wakaipa jina la Laetrile. Baadaye mwana akaiita "vitamini B17". Si vitamini. Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa huugua, na hakuna binadamu aliyepata kuugua kwa kukosa kokwa la aprikoti. Lakini jina hilo lilikuwa na faida kubwa: vitamini haiogopwi, na haifuatwi na sheria kama inavyofuatwa dawa. Kufikia mwaka 1978 ilikadiriwa kwamba Wamarekani 70,000 walikuwa wameijaribu. Zahanati zilifunguliwa ng'ambo ya mpaka, nchini Mexico. Mchezaji filamu Steve McQueen, mwenye saratani, alikwenda huko akapewa hiyo pamoja na mambo mengine. Alifariki Novemba 1980 katika mji wa Ciudad Juárez. Kabla yake, mtoto mmoja wa Massachusetts mwenye saratani ya damu alikimbizwa Mexico na wazazi wake, baada ya mahakama kuwaamuru waendelee na tiba ya hospitali. Alifariki Oktoba 1979, akiwa na miaka mitatu. Wazazi wale hawakuwa watu wabaya. Walimpenda mtoto wao. Hapo ndipo swali la nia njema linapopata jibu lake, na ni jibu chungu.

Hatimaye jambo lilipimwa. Daktari Charles Moertel wa Mayo Clinic na wenzake waliwapa wagonjwa 178 wa saratani dawa hiyo, pamoja na vyakula na vitamini vilivyokuwa vikihimizwa na watetezi wake. Matokeo yalichapishwa Januari 1982. Hakuna aliyepona, ugonjwa haukusimama, maumivu hayakupungua, umri haukurefuka. Baadhi walionyesha dalili za kuingiwa na sianidi. Tena, msomaji uzingatie: waganga wa kale wa China walikitumia kiini hicho kwa kikohozi na kifua. Saratani iliongezwa na wengine, nchi nyingine, kwa sababu zao.

Huenda ningeliacha jambo hili katika magazeti ya kale kama lisingeingia nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa, aliyeishi Newala, aliugua saratani. Hospitali ilifanya iliyoweza, kisha daktari mmoja mwenye adabu akatueleza kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Wiki tatu baadaye mwanawe alikuja na kopo lenye viini vya kahawia. Alikuwa ameviagiza kwa mtu mmoja wa mjini, na fedha alizilipa kutoka katika mauzo ya korosho ya msimu ule, karibu yote. Juu ya kopo paliandikwa "Vitamini B17" na "Siri ya Wachina ya miaka 3,000". Maelekezo yalikuwa kutafuna kumi asubuhi na kumi jioni, vibichi, na kuongeza kadiri mtu anavyozoea.

Nilimweleza kijana niliyokuwa nikiyajua. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mjomba, hospitali imeshasema haina la kufanya. Sasa ubaya uko wapi? Niache basi nijaribu. Huyu ni mama yangu."

Dada alikuwa ameketi mkekani, ameegemea mto, anatusikiliza. Akaomba kopo. Akachukua kiini kimoja, akakimega kwa ncha ya meno, akatema mkononi. "Uchungu huu naujua," alisema. "Ni wa muhogo." Kisha akamtazama mwanawe. "Umelowekwa?" Kijana hakuwa na jibu. "Hata hawakuloweka," Dada alisema, kama mtu anayemshangaa jirani aliyewapikia wageni chakula kibichi. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia: "Mdogo wangu, simkatalii mwanangu kunipenda. Nakataa kudanganywa. Kama siku zangu ni chache, nizijue, nizipange." Na alizipanga kweli. Aliligawa shamba la mikorosho kwa wanawe mbele ya mashahidi, akalipa deni la mwaka mzima la dukani, akasuluhishwa na shemeji yake ambaye hawakusemezana tangu msiba wa mume wake. Alitutoka baada ya miezi minne. Mwenye kuuza kopo hakuja matangani, wala fedha hazikurudi.

Lakini swali la yule kijana ni zito, nami sitaki kulipita kwa haraka kwa sababu tu mama yake alilijibu kwa njia yake. Wagonjwa wengine wangejibu vingine. Mfa maji haachi kutapatapa, na si haki kwa aliye nchi kavu kumcheka anavyotapatapa. Wagonjwa wa Marekani walilipeleka swali hilo hilo hadi Mahakama Kuu ya nchi yao. Walisema: sheria inataka dawa iwe salama na ifae, lakini kwa mtu anayekufa kwa vyovyote, usalama ni nini, na kufaa ni nini? Mwaka 1979 Mahakama iliamua kwamba sheria haikumtoa mgonjwa aliyekaribia kufa katika ulinzi wake. Hata kwake yeye, dawa inayoweza kudhuru bila kuleta faida ya kufidia madhara hayo si dawa salama.

Wapo watu waungwana ambao hawauridhii uamuzi huo. Husema kwamba mwili ni wa mgonjwa, na serikali haina haki ya kumzuia mtu mzima kuchagua njia yake ya mwisho. Mimi nawaelewa. Nikiulizwa kama mgonjwa ana haki ya kutafuna kokwa lolote analotaka, nitasita kumnyima. Ila naona kwamba swali hilo limeelekezwa kwa mtu asiyehusika. Tunamhoji mgonjwa wakati wa kuhojiwa ni muuzaji. Hiari ni kitu chenye masharti. Mtu hachagui kwa hiari kati ya njia mbili ikiwa moja imeandikwa jina la uongo. Aliyeambiwa "hii ni sumu, haijapata kumponya mtu wa ugonjwa wako, na bei yake ni hii," kisha akasema "nipe," huyo amechagua. Aliyeambiwa "hii ni vitamini" hajachagua kitu, amechaguliwa.

Ndiyo maana sioni kwamba tumaini ni zawadi isiyo na gharama, kama watu wasemavyo: "Angalau wamempa tumaini." Tumaini nalo ni dawa, lina kiasi chake, na likizidishwa lina madhara yake. Kwanza linakula fedha, na fedha za mgonjwa ni fedha za watoto wake. Pili linakula siku. Mtu anayeaminishwa kwamba atapona hana sababu ya kuugawa urithi, wala kuomba radhi, wala kumwita ndugu aliye mbali. Siku zile zinazopotea haziwezi kununuliwa tena. Tatu, linamtenga. Kila anayemzunguka analazimika kuigiza naye ule mchezo wa kupona, na hakuna anayeweza kulia mbele yake. Tumaini lenye kiasi ni lingine. Linaweza kuwa tumaini la kulala usiku bila maumivu, au la kumwona mjukuu akifunga shule. Daktari yule aliyetueleza ukweli alimwachia dada yangu tumaini la namna hiyo, na lilimtosha kufanyia kazi.

Nitajibiwa kwamba nimewahukumu wauzaji wa makopo lakini nimewasamehe wakubwa wao. Kwamba hata makampuni makubwa ya dawa hutangaza kuliko yanavyothibitisha, na hata hospitali zipo zinazomkamua mgonjwa hadi ng'ombe wa mwisho. Ni kweli, wala siwatetei. Kipimo nilichokitafuta hakiulizi kama mganga amevaa koti jeupe au amefunga kaniki. Kinamuuliza mambo matatu. Je, unaijua dawa yako, faida yake na hatari yake, na kiasi ambacho faida inageuka hatari? Je, malipo unayotaka yanalingana na ulichompa mtu, au yanalingana na hofu yake? Je, maneno yako hayazidi ujuzi wako? Anayeweza kuyajibu yote matatu, huyo ni mganga, hata kama hakuweza kuponya. Asiyeweza, si mganga, hata kama kwa bahati mgonjwa amepona mikononi mwake.

Tazama basi kwamba yote matatu yamo katika msitu wa Lushan na katika chungu cha Zhang Zhongjing. Kiini kilimenywa na kupimwa. Malipo yalifuata uzito wa ugonjwa, tena yaliombwa baada ya kupona, si kabla. Na hakuna popote ambapo Dong Feng ametajwa akilitangaza kokwa lake sokoni. Chema chajiuza. Mtu aliyeandika juu ya kopo "siri ya Wachina" aliwaibia Wachina mara mbili: alichukua kokwa lao, kisha akawasingizia uzembe ambao wao hawakuwa nao. Wao hawakulifanya siri. Waliliandika vitabuni, na onyo lake pembeni, ili kila atakayekuja baadaye alisome.

Nimalizie na yale ninayoyaamini. Kokwa lenyewe halina wema wala ubaya. Halikuapa kumtibu mtu wala kumuua. Limeweka sumu yake ndani ili lisiliwe na wanyama, lipate kuota. Maadili yanaanzia pale mkono wa mtu mmoja unapolinyoosha kuelekea kinywa cha mwingine. Tangu hapo mwenye mkono anadaiwa. Anadaiwa kiasi, anadaiwa bei ya haki, na zaidi ya yote anadaiwa ukweli, kwa sababu mgonjwa hana nguvu wala muda wa kwenda kuutafuta mwenyewe. Wapendanao wasipolijua hilo, mapenzi yao yanaweza kuwa mlango wa tapeli. Wakilijua, hata pale ambapo dawa haipo, wanaweza bado kukaa kitandani pa mgonjwa wakiwa na kitu halali cha kumpa.